Kufuata Vidonge Vyangu hadi Itiryo

Niliondoka kwa sababu ya barua ya malalamiko. Ilitoka katika zahanati ndogo ya kanisa, upande wa Itiryo, wilayani Tarime. Binti mwenye kifafa, aliyekaa miezi mingi bila kuanguka, alikuwa ameanza kuanguka tena, na mama yake alidai dawa ya kiwanda chetu ni hafifu. Chini ya barua tabibu aliongeza kwa kalamu kwamba huenda mama huyo anaweka dawa jikoni kwenye moshi, au hampi mgonjwa kabisa. Mkuu wangu wa kazi akaniambia, "Nenda ukaone zinavyotunzwa." Nikatia kipimajoto kwenye begi. Sitaficha: nilikwenda nikiomba nikute moshi.

Kabla ya kufika mbali nieleze kazi yangu. Kiwandani kwetu hatutengenezi vidonge kwa mafungu kama mandazi, ukande, ukaange, uonje, uanze tena. Unga unaingia upande mmoja, unachanganywa, unashindiliwa, na vidonge vinatoka upande wa pili kutwa nzima bila kusimama. Njiani kuna jicho la mwanga linalotazama unga kupitia kioo kidogo na kupima kila baada ya sekunde chache kiasi cha dawa kilichomo. Kipimo kikishuka, mlango unafunguka na vidonge vya wakati huo vinaangukia pipa la kutupwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele ya skrini ya jicho hilo.

Alasiri ya siku ya pili niliingia Tarime mjini, nimechoka na basi, na baridi ya vilimani ikanikuta na blauzi nyepesi. Mama mwenye nyumba ya wageni alinicheka waziwazi, kisha akaniazima sweta la mumewe.

Asubuhi yake nilipanda pikipiki. Tulipita Nyarero watu wakipanga ndizi barabarani, tukapandisha kuelekea Itiryo kati ya mahindi na makundi ya ng'ombe.

"Dada, wewe ni mtu wa madini ama wa siasa?" dereva aliuliza.

"Wa vidonge."

"Kumbe vidonge navyo vina mtu wa kuvifuata!" Akacheka hadi tukayumba.

Zahanati nilimkuta tabibu, kijana nadhifu aitwaye Mwita. Kabati lake lilikuwa safi na chumba kina ubaridi mzuri. "Pima mwenyewe," alisema. "Shida ni yule mama. Nilimwambia hapa mbele ya wagonjwa kwamba hampi mtoto dawa. Akanijibu kwa Kikurya, na sitakutafsiria."

Saa sita nilibisha kwa mama huyo, Mama Ghati. Nikamwamkia shikamoo, nikasema natoka kiwanda cha dawa.

"Marahaba. Wewe ndiye unatengeneza?"

"Mimi na wenzangu, mama."

"Kaa hapo."

Ghati mwenyewe, binti wa miaka kama ishirini, alinikaribisha mtindi kwa mkono mmoja. Wa pili ulifungwa bandeji hadi kiwiko. Mara ya mwisho alikuwa ameangukia mafiga. Nilikunywa bila kumtazama usoni.

Nilipouliza dawa inakaa wapi, mama alinipeleka chumbani, mbali na jiko, akafungua sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kopo lenye mfuniko, na ndani ya kopo vidonge katika pakiti yake. Kipimajoto hakikuwa na la kulalamikia. Nikakirudisha begini.

Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, na kila siku ambayo Ghati alianguka ilikuwa na msalaba wa kalamu nyekundu. Pembeni, kwenye msumari, karatasi tupu za vidonge zilitungwa kwa uzi kwa kufuata mpangilio zilivyotumika, kila moja imeandikwa siku ilipoanza na ilipoisha.

"Ng'ombe akipunguza maziwa, unauliza jana alichungwa wapi, juzi wapi," alisema. "Na mimi nikafanya hivyo. Misalaba yote iko kwenye hizi mbili. Kabla, hakuna. Baada, hakuna."

Karatasi zetu hupigwa muhuri wa namba ya bechi, yaani vidonge vya siku moja, na saa. Nikazisoma zile mbili: saa nane mchana, siku ya zamu yangu.

Nikaukumbuka mchana ule. Kipimo kilishuka. Kioo kile hushika vumbi la unga mara kwa mara, nasi tulishazoea kukisingizia. Nilibonyeza kitufe cha kusema kioo ni kichafu, ambacho huzuia mlango kufunguka, nikakifuta kioo, na kipimo kikapanda. Nilijiona fundi. Kumbe unga wenyewe ndio uliokuwa umepungukiwa dawa, ukajirekebisha huku mimi nikifuta. Maabara ingethibitisha baadaye, lakini pale chumbani nilishajua.

"Mama, kosa ni langu," nikasema, nikamweleza yote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Alilifunga kopo, kisha akasema, "Pole yako nimeisikia. Haitoshi. Mimi niliitwa mwongo pale zahanati, watu wamejaa. Ijumaa ni kliniki. Utakuja useme palepale."

Jioni nilimpigia mkuu wangu. Aliagiza bechi yote izuiwe mara moja, nami nikakusanye maboksi yaliyofika Nyansurura, wilayani Serengeti. Halafu akaongeza, "Huko usiseme neno kwa mtu. Ukisema, usirudi kwenye mashine yangu."

Alhamisi nilivuka Mto Mara hadi Nyansurura. Muuguzi wa huko alinikabidhi maboksi matatu, moja limeshafunguliwa.

"Na waliokwisha kutumia?" aliuliza.

"Tutawatafuta mmoja mmoja," nikajibu. Tulianza na daftari lake mchana uleule.

Kutoka pale ningeweza kupitia Mugumu na kwenda zangu nyumbani bila kuiona Itiryo tena. Nilisimama kituoni muda mrefu na begi langu. Nilikuwa naogopa tu. Gari la Mugumu lilijaa, likaondoka, nami sikupanda.

Ijumaa mabenchi ya zahanati yalijaa. Nilisimama nikasema jina langu, kazi yangu na nilichokifanya. Nikasema Mama Ghati alimpa binti yake dawa kila siku na kuitunza kuliko sisi tulivyoitengeneza. Mwita aliinamisha kichwa, kisha akamwendea mama akamwomba msamaha kwa Kikurya, kwa sauti ya kusikika.

"Mmesikia?" Mama Ghati aliwauliza watu. Kisha akanipita, akaenda zake.

Nimerudi, na sasa niko idara ya kupakia maboksi. Kitufe kile kimeondolewa: kipimo kikishuka, vidonge vinatupwa kwanza, ubishi baadaye. Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliona kioo ni kichafu, tabibu akaona mama ni mwongo, na sote wawili tulikikataa kipimo sahihi kwa sababu kilitusumbua.

Jumapili ya kwanza baada ya safari simu iliita. Ilikuwa namba ya Mama Ghati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ghati hajaanguka," akasema, akakata.

Jumapili iliyofuata alipiga tena, kwa maneno yaleyale.