Mustari Yangu ya Makala

Mwalimu Leonari alinipiga fimbo mbele ya batoto bote, akanifukuza masomo. Juzi niliona mujukuu wangu anavuta mustari na lati, kale kabao ka kunyoosha, ile siku ikanirudilia.

Tablo ilinuka chaki. «Mustari haina mwisho, batoto. Inapita ukuta, inaenda tu.» Nilisikia baridi mu mugongo. Kisha masomo, nikatia nukta moja ya makala, ile ya kupikia, ku mulango yetu, nikavuta, ukuta kwa ukuta, mpaka ku nyumba nyeupe ya Muzungu, mukubwa wa kambi ya batumikaji.

«We Marta, nani alikutuma?»

«Mustari, mwalimu. Haiyafika mwisho.»

Leo ninajua ile mustari ya kweli hatuwezi kuichora, iko mu akili tu. Ingali inanishangaza. Leonari, jibu: weye ulisema haina mwisho. Juu ya nini yangu uliikatia ku ukuta ya Muzungu?