Simu Ilikataa Mwendo wa Mtoni

Hamjambo wasomaji. Naomba mnisikilize kidogo, hii imenikalia vibaya.

Jumamosi jirani yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mhudumu wetu wa afya alitoka mtoni mbio, mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Simu yake ya kazi ndiyo huita ambulensi, lakini hufunguka tu kama saa yake ya mkononi imemtambua kwa vile anatembea.

Ilikataa.

“Nisomee, mwaitu,” mhudumu akaniambia, yaani mama kwa Kikamba, “sina miwani.”

Nilisoma polepole, neno kwa neno: “Anayetembea si mwenye simu.”

“Ni nani basi?” akauliza mama mkwe wa jirani. “Punda? Weka huo mtungi chini utembee vile unatembeanga kanisani.”

Mhudumu akautua, akazunguka uwanja akirusha mikono, huku jirani analia ndani. Mara ya tatu ndipo ikafunguka. Ambulensi ilifika, mtoto ni mzima.

Waliompa hiyo simu walimpima mwendo siku ya semina, kwa sakafu laini, mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza vile tunabebanga maji.

Sasa naenda mtoni. Nitarudi nimeinama kwa mtungi, lakini ni mimi yule yule, na nyinyi mniite tu kwa jina langu.