Kamba Namba Moja

Pale Sapiwi, ukiuliza kamba imara utaonyeshwa nyumba ya Nyanjige. Muulize na mwingine, atakuonyesha hiyo hiyo. Miaka arobaini anaponda mkonge, anaanika, anasokotea pajani. Kuandika hajui zaidi ya jina lake, lakini hajaja mtu kulalamika kwamba fahali alikata kamba ya Nyanjige akaingia kwenye pamba ya jirani.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Mjukuu wake Elina, aliyeachiwa na marehemu binti yake, alikuwa anavunjika mifupa. Mguu ulivunjika alipojikwaa kizingitini. Mkono ukafuata, akifungua mlango. Alipovunjika mkono tena, akiwa na miaka minane, Luhaga, baba yake mdogo, akatuma neno: Jumapili nakuja kumchukua mtoto wetu, huko anaumizwa.

Nyanjige alimpeleka Elina hospitali Bariadi. Daktari Benedikta akamfunga plasta, kisha akamtazama macho kwa muda. Weupe wa macho ya Elina una ubluu, na watu wa Sapiwi walikuwa wameusemea mengi ubluu huo.

"Bibi, huyu hukumwangusha. Ubluu huu ni dalili ya ugonjwa wake."

"Hilo nalijua. Nieleze kwa nini anavunjika."

Daktari akaeleza. Mwili umeshikwa na kitu kinaitwa kolajeni. Ni kama kamba, nyembamba hata jicho halizioni, na kila kamba ina nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja.

"Tatu," Nyanjige akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Tena ziko za aina nyingi. Namba moja inashika mifupa, ngozi na kano. Namba mbili iko kwenye gegedu, kule magotini na puani. Namba tatu imo kwenye mishipa ya damu na utumbo, panapotaka kuvutika. Namba nne yenyewe imesukwa kama wavu, inachuja. Nyanjige alisikiliza kama anayepewa habari za kwake. Kamba ya fahali huwezi kutekea maji, na ya kisimani huwezi kusukia kitanda. Nani asiyejua?

"Ya Elina iliyokosewa ni namba moja," daktari akasema. "Amezaliwa nayo. Dawa ya kuimarisha mifupa tutampa, lakini kamba haitabadilika. Kinga kubwa ni namna ya kumbeba." Akamfundisha.

Jumapili Luhaga akafika na wazee wawili wa ukoo.

"Mwangaluka, mayu," Luhaga akamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaeni."

"Hatukai. Mara ya tatu hii. Mtoto wa watu si kuni, mayu."

"Kaa, Luhaga. Hicho kitanda nimekisuka mwenyewe. Hata tumbo lako kitalibeba."

Wazee wakacheka. Luhaga akakaa. Nyanjige akatoa kamba mbili za unene mmoja, nyuzi tatu tatu. Ya kwanza Luhaga alivuta huku, mzee mmoja kule, mpaka wakatoka jasho. Kamba haikuwajali. Ya pili waliivuta kidogo tu ikakatika, Luhaga akakaa mavumbini katikati ya kuku.

"Nani kaikata?" Nyanjige akauliza.

"Hakuna. Imekatika yenyewe." Luhaga akaigeuza ile ncha. "Uzi mmoja humu umeoza."

"Nimeuweka mimi, makusudi. Mifupa ya Elina ilisokotwa hivyo kabla haijafika mikononi mwangu. Daktari kasema. Sasa mkono wangu una kosa gani?"

"Hata hivyo, damu ni yetu."

"Haya. Mbebe."

Luhaga akainama, akamshika Elina makwapani.

"Si hivyo, baba mdogo, utanivunja," Elina akasema. "Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya mabega. Polepole, kama trei ya mayai."

Luhaga akaachia, mikono ikabaki hewani. Mzee mmoja akamuuliza, "Kwako nani anajua hayo?"

Waliondoka bila mtoto, Luhaga akiwa ameomba ile kamba isiyokatika, akapewa.

Sasa Elina ana miaka kumi na mmoja, na mwaka wa pili huu plasta haijamgusa. Anasokota kamba ameketi. Wateja wanasema kampita bibi yake. Nyanjige anawaambia bado sana. Lakini fahali wake mwenyewe, yule mkorofi wa pembe moja, kafungwa kwa kamba ya Elina.