Kidole Gumba cha Mzee Wangu

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa na mikono ya kuonewa wivu. Alikamua ng'ombe nayo, alilima nayo kilima kizima. Basi kidole gumba cha kuume kilipovimba, hapa Burungu hakuna aliyesema ugonjwa. Walisema, "Amepewa sumu mu mukono." Nani alimpa? Mdogo wake. Walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, kisha wakasalimiana kwa mkono sokoni, na watu waliona.

Fundi wa mitishamba alikipasua kidole. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu. Mzee akaanza kukohoa. Wakasema sumu imepanda.

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka Goma. Daktari, msichana wa rika la wajukuu zangu, alipiga picha ya kifua, akakata kinyama cha kupima kwenye kidole. Siku ya majibu akasema:

"Mama, ni kansa. Ilianzia mu mapafu, njo ikafika mu kidole. Haifanyake vile mara nyingi, lakini inafanyaka."

Mzee akamcheka. "Mapafu iko huku, kidole iko kule. Ilipitia barabara gani, ile ya Sake tulipitia sisi?"

"Ilipitia mu damu, Papa."

Tulirudi, naye alirudi na sumu yake kichwani. Mdogo wake akija, Mzee anageukia ukuta. Nilitangaza kilima chote: ni kansa! Walinijibu, "Sumu ya kwetu haionekanake mu mashini."

Kidole kikaoza. Binti zangu waliingia wakiziba pua. Mimi niliosha bila kuziba. Nikamfokea: "Unataka kufa umuachie mdogo wako jina la muuaji? Watoto wake wataoa wapi?"

Akageukia ukuta. Nikaenda kumwita mdogo mimi mwenyewe.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mzee akatoa mkono chini ya blanketi, akampa kifundo cha mkono, vile tunavyosalimiana tukitoka shambani na udongo viganjani. Mdogo akakishika kwa mikono miwili, akalia.

Mzee akasema, "Kama ni wewe, nimekusamehe."

"Yaya, kaka yangu, si mimi."

"Nimesema kama."

Hakuongeza kitu mpaka tukamzika. Mimi nilitaka zaidi ya hapo.

Hata leo shemeji yangu huyo akimkaribisha mtu pombe ya ndizi, mtu anangoja yeye aonje kwanza. Mimi singoji. Ninapokea, ninakunywa mbele yao wote, ninajifuta midomo.