Uchungu wa Bibie

Paka wangu amepona, ila mimi bado naona aibu. Tangu serikali iiachie huru biashara ya nafaka nauza mchele hapa Mabatini, na Bibie ndiye anayelinda magunia yangu dhidi ya panya. Juzi alianza kuchuchumaa kila kona akilia, tumbo limejaa. Nikajua anataka kuzaa. Nikamtandikia kanga kwenye boksi la sabuni, na jirani yangu Mama Neema akaleta uji wa mzazi.

Hadi mchana hakuna mtoto, na Bibie akaanza kutapika. Nikambeba mbio kwa daktari wa mifugo. Barazani palikuwa na foleni ya watu na mbuzi wao.

"Naomba mnipishe," nikawaambia, "huyu ana uchungu wa kuzaa."

Wakanipisha wote, na mzee mmoja akaniombea heri.

Daktari akampapasa tumbo, akamwinua mkia, akanitazama kwa upole.

"Mama, ana vijiwe kwenye kibofu. Vimeziba mkojo, lakini hujachelewa. Tutamzibua."

"Na watoto je, daktari?"

"Hana watoto, mama. Bibie ni dume."

Nyuma yangu, mlangoni, foleni nzima ilikuwa inasikiliza.