Mgeni wa Chumvi Alipofika Katesh

Fuu, fuu. Halafu kidole kinagonga, tok, tok. Halafu sauti nene: "Mnanisikia huko nyuma?"

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu, kuliko hata kengele ya shule, ambayo kwetu Mogitu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kupigwa kwa nondo. Ni mtafsiri wa banda la video la Katesh, anapuliza kipaza sauti kabla sinema haijaanza, na nyuma ya banda jenereta linakohoa kama mzee mwenye kifua. Juzi nimeisikia tena. Nilikuwa kwenye cherehani yangu nashona sketi za shule, na kijana wa duka la jirani alikuwa anajaribu spika. Fuu, fuu, tok, tok. Mguu ukasimama wenyewe kwenye pedali.

"Dada, uzi umekatika?" mteja akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nimekumbuka mtu tu.

Huyo kijana wa spika ndiye aliyeniambia kwamba sinema moja ya zamani, ya mgeni kutoka anga, imetengenezwa upya, na inapatikana kwenye simu. Nilikuwa nimeshafika mbali, rafiki yangu. Nilikuwa darasa la tano.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Kila Ijumaa, tukishafagia uwanja na kumwagilia miti, alikuwa anatusomea. Macho yake yanaangalia Kiingereza, mdomoni kinatoka Kiswahili. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya mambo ya anga. Mgeni kutoka dunia nyingine anavuka nyota zote kwa chombo kikubwa kama ghala la mahindi, anatua hapa kwetu, watu wanakimbia wakidhani ni vita. Kumbe masikini kaja kuomba chumvi. Kwao imeisha. Mboga zao zimekuwa chapwa kwa muda mrefu sana, na watu wamenuna kiasi kwamba hakuna tena anayetaka kuoa.

Kwa jinsi mwalimu alivyotusomea, chombo kilitua kwenye shamba la maharage chini ya mlima Hanang, upande wa kuelekea Ziwa Balangida, ambako maji yakikauka watu wanakwangua chumvi ukingoni. Sisi hatukushangaa hata kidogo. Mgeni wa chumvi ungetaka ashukie wapi?

Lakini tulichokipenda zaidi ni yule bibi mwenye shamba. Mgeni anashuka, ana macho matatu na hana shingo. Watu wote wamekimbia. Bibi yuko kwenye kigoda chake, anangoja asalimiwe. Mgeni naye anangoja, maana kwao anayefika ndiye anayesalimiwa. Basi wanabaki hivyo, wanatazamana. Jua linazama, maharage yamelala, wanajeshi wamejificha kwenye mtaro, na hakuna anayeweza kuanza kuzungumzia chumvi kwa sababu salamu haijatoka. Mwishowe bibi anamuuliza, wewe una umri gani? Mgeni anasema kwao hakuna masika wala kiangazi, hajawahi kuhesabu. Hapo bibi anasema, "Asiyejua umri wake ni mtoto. Sema shikamoo." Mgeni anainamisha lile jicho la katikati, anasema shikamoo. "Marahaba. Haya, niambie shida yako."

Darasa zima tulikuwa tunacheka mpaka mwalimu mkuu anachungulia dirishani.

Nikirudi nyumbani nilimsimulia bibi yangu. Ilikuwa wakati ule wa kipupwe baada ya mavuno, ukungu umeshuka kutoka mlimani, tumekaa jikoni tunapukuchua mahindi. Makande yanachemka, moshi wa kuni unatutoa machozi, na nje ng'ombe anasikika akicheua. Bibi Kiswahili alikijua kile cha mnadani na cha kanisani, kwa hiyo mimi nilikigeuza tena kuwa Kiiraqw. Hadithi ikawa imevuka mito miwili mpaka kufika kwenye masikio yake.

Na maswali yake hayakuwa ya darasani. Maharage yaliyokanyagwa nani alilipa? Ng'ombe walikamwa na nani wakati wote ule wanatazamana? Halafu siku moja akauliza swali ambalo kwetu ni la kwanza ukisikia habari za mtu yeyote.

"Huyo mama ni wa ukoo gani?"

"Mwalimu hajasema, bibi."

"Kamuulize."

Nikamuuliza. Mwalimu alijikuna kichwa kwa muda mrefu, akaangalia kitabu, akakifunga. "Mwambie bibi yako ni wa ukoo wenu," akasema.

Ungemwona bibi yangu nilipompelekea jibu. Alipukuchua tu haraka zaidi. Lakini kesho yake mashineni, kwenye foleni ya kusaga, wanawake wote wa kijiji walikwisha kujua kwamba kuna mtu wa ukoo wetu ameandikwa kwenye kitabu cha Wazungu, na kwamba hakukimbia.

Ndipo ikaja habari ya sinema. Mwenye banda la video alikuwa mama mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, mama wa mtandio na sauti ya kuamuru, mwenye moyo mzuri. Alikuwa ameleta sinema mpya kutoka Arusha, na mwalimu aliposoma maelezo ya nyuma ya kava akakitambua kitabu chake. Akamwomba mama atufungulie Jumamosi asubuhi, kabla ya wakubwa na sinema zao za ngumi. Mama alikubali. "Waje," alisema, "ila wasinitemee maganda ya miwa."

Nilipoisema habari hiyo nyumbani, bibi aliinuka, akatoa kwenye sanduku blanketi lake la sherehe, lile la mistari, akalianika.

"Na mimi nakwenda," akasema.

Jumamosi tulipanda lori la vitunguu. Bibi alikaa mbele na dereva, na kigoda chake mapajani, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba yule mwenzake anakaa kwenye kigoda. Wenzangu huku nyuma walinichokoza njia nzima.

"Bibi yako anakwenda kumwona dada yake."

"Ndiyo," nikawajibu. "Bibi yako wewe ana ndugu gani kwenye sinema?"

Nilijibu kwa kiburi hivyo, lakini nilikuwa naogopa kidogo.

Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa zinazokwangua miguu. Mbele kulikuwa na televisheni yenye chogo, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Harufu ya petroli na karanga. Tulipompa mama shikamoo sote, yeye naye akamgeukia bibi yangu. "Shikamoo bibi, karibu, benchi la mbele lipo."

"Marahaba. Nina kiti changu," bibi akasema, akaweka kigoda chake mbele kabisa, karibu na kioo, akakaa akiwa amenyooka.

Fuu, fuu, tok, tok. Ikaanza.

Sijui kama umewahi kupenda kitabu halafu ukaona sinema yake. Mgeni alitokea, na alikuwa kijana mzuri mwenye macho mawili. "Na shingo anayo," mtu akanong'ona kwa masikitiko. Badala ya chumvi kulikuwa na mawe yanayowaka, na kila yalipoguswa nyumba ililipuka. "Chumvi iko wapi?" tukauliza. Mtafsiri, kijana aliyezoea sinema za ngumi, akasema kwenye kipaza, "Tulieni, chumvi inakuja." Lakini Kiingereza kile kilikuwa kinamkimbia, tukamjua. Kila mtu akifungua mdomo, yeye alitafsiri, "Anamwambia, leo nitakufanya supu."

Bibi akanivuta sweta. "Yule wa kwetu yuko wapi?"

"Anakuja, bibi."

Zikalipuka nyumba nyingine. Akanivuta tena. Nikageuka kumtafuta mwalimu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, anaangalia viatu vyake. Hapo nikaelewa kwamba yule bibi mwenye shamba hayumo. Nikawafikiria wale wanawake wa mashineni, wangemuuliza bibi yangu Jumatatu, na yeye angewajibu nini? Bibi yangu hakuwa mtu wa kuchekwa.

Halafu mgeni akatua mahali penye nyasi. Akashuka kwenye chombo, akatembea polepole akitujia sisi, akasimama. Akatazama moja kwa moja, kimya. Ndipo penyewe, kila mtu alipajua. Na hapakuwa na mtu mbele yake.

"Sasa huyu jamaa anatafuta wa kupigana naye," mtafsiri akasema.

Banda zima likapiga kelele. "Siyo hivyo. Anasalimia. Bado salamu." Mabenchi yakagongwa. Mama akasimamisha deki. "Mwalimu, watoto wako wananivunjia mbao. Kama kuna anayejua, aje aseme, sinema iishe."

Tulidhani atakuja mwalimu mwenyewe. Hakuinuka. Aliniangalia mimi. "Nenda wewe," akasema. "Mimi niliileta mpaka Kiswahili, wewe ukaivusha mpaka Kiiraqw."

Nilikwenda. Kipaza kilikuwa cha moto kutoka mkononi mwa yule kijana, nami nilijua kitu kimoja tu cha kufanya nacho. Fuu, fuu. Tok, tok. "Mnanisikia huko nyuma?" Wakacheka, na kicheko kile kikanipa pumzi. Mama akairudisha nyuma kidogo, akabonyeza. Mgeni akashuka tena, akatujia, akasimama, akatutazama.

"Yule bibi hamumwoni," nikasema, "kwa sababu tumekaa kwenye kigoda chake. Haya mnayoyaona ndiyo anayoyaona yeye."

Likasikika jenereta peke yake. Bibi yangu alivuta blanketi likakaa vizuri mabegani. Alimtazama yule kijana wa kwenye kioo kama anavyomtazama mtoto aliyeingia uani bila kubisha. Wakatazamana. Kisha kwenye sinema kijana akainama, nadhani alikuwa anaokota lile jiwe lake, na mimi nikasema kwenye kipaza, "Shikamoo."

"Marahaba," bibi yangu akaitikia, kabla ya mtu mwingine yeyote. "Haya, niambie shida yako."

Sijawahi kusikia kelele kama ile mpaka leo. Mama mwenye banda alicheka akashika ukuta. Nikaendelea mpaka mwisho. Mawe nikayafanya chumvi ya Balangida, yanawaka kwa sababu ya jua. Milipuko nikasema ni watu wa kule wanaonja mboga yenye chumvi, wamefurahi kupita kiasi. Yule mtafsiri alisimama pembeni ameshika waya usinikwaze, na nilipomrudishia kipaza akanitazama sana. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe wewe ni mwongo kuliko mimi."

Nilitoka nje kifua mbele, rafiki yangu. Na Jumatatu mashineni bibi alieleza kwa utulivu kwamba mtu wetu hakuonekana sura, kwa sababu mwenye nyumba haonyeshwi, mwenye nyumba ndiye anayeangalia. Akaongeza kwamba mjukuu wake ndiye aliyempa mgeni maneno. Hilo alilisema kila mara hadithi hiyo ilipotajwa, mpaka nikawa mkubwa.

Siku ya kumaliza darasa la saba mwalimu aliniita, akanifungulia kile kitabu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na hakijaongezeka sana, lakini niliona. Pale penye bibi kulikuwa na mfalme na askari wake. "Nilipofika hapo niliona hamtacheka," mwalimu akasema, "nikamweka yule mama." Akajikuna kichwa vilevile kama zamani.

Sikuhuzunika. Mwandishi aliandika mfalme, mwalimu akamweka bibi, wenye sinema wakaondoa chumvi, mtafsiri akatia supu, na mimi nikatia kigoda. Kila mmoja aliibeba kwa mikono aliyokuwa nayo. Nikisikia watu wanabishana kwamba sinema imeharibu kitabu, ninawauliza tu mliitazama na nani.

Maana siku hizi mtu anatazama peke yake, masikio yamezibwa, hakuna wa kupiga kelele siyo hivyo. Pale penye banda wanauza kava za simu. Jenereta lilinunuliwa na watu wa Gehandu, la kusukumia maji. Mwalimu amestaafu, yuko kwao Endagikot. Bibi tulimzika na blanketi lake la mistari. Kigoda ninacho mimi, na wateja wangu wakitaka kukikalia ninawapa stuli ya plastiki. Bado naota kwamba siku moja watakuja watu na kamera, waitengeneze hadithi ile Mogitu kwenyewe, mlima ukiwa nyuma. Mahali pa kuweka kigoda ninapajua.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda shambani kwetu. Maharage yalikuwa yanatoa maua. Nikaweka kigoda, mbele yake nikaegemeza simu kwenye jiwe, nami nikachuchumaa pembeni. Ile sinema mpya safari hii wameirudisha chumvi, na nilicheka peke yangu kwa furaha. Bibi bado hayumo. Mgeni akashuka, akatembea polepole, akasimama, akatazama moja kwa moja pale kwenye kigoda.

Nikapunguza sauti ya simu mpaka ikaisha. "Shikamoo, bibi," nikamsemea mgeni. Kisha nikaisimamisha sinema hapohapo, ili bibi apate nafasi ya kuitikia.