Sumaku ya Delphia

Delphia Combs hakumwamini mtu, nami sikumlaumu sana, maana watu wa bonde letu nawajua. Lakini yeye alizidi. Ukimpa kahawa anainusa kwanza. Ukimwambia mvua inakuja, anakuuliza wewe utapata nini ikinyesha.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanja cha shabaha cha klabu yetu, kule kwenye milima ya mashariki ya Kentucky. Mimi niliuza maharage na mkate wa mahindi kwenye kidirisha cha jikoni, kwa hiyo yote yaliyopita mezani pake niliyaona. Shingoni alining'iniza sumaku kwa kamba ya kiatu. Ukifika na bunduki yako, salamu baadaye. Weka risasi mezani. Sumaku inashuka, na ikinata kwenye ganda, unarudi kwako.

Risasi za ganda la chuma zilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa ya kutupa, kwa hiyo walizipenda wengi. Delphia alizichukia. Klabu yetu huokota maganda ya shaba na kuwauzia wanaojaza risasi upya nyumbani, na ganda la chuma kwao ni takataka. Mwaka juzi mnunuzi alirudisha ndoo nzima. Alisema maganda yote ni ya njano, sawa, lakini mengine yananata kwenye sumaku, na yeye hana muda wa kuyachambua. Delphia alitahayari kama aliyekamatwa na kuku wa jirani. Akanunua sumaku yake siku hiyohiyo, na mkosaji akampata siku hiyohiyo.

Mkosaji alikuwa Hobart Sizemore, mgane anayeishi ng'ambo ya kijito, mkabala na shamba la Delphia. Hobart ana bunduki ya Kichina ya zamani, imelegea kama mlango wa banda, na aliilisha risasi za chuma bila kuficha.

"Zangu za kijani, Delphia," alijitetea mbele ya wanachama wote. "Tena nene. Haya maganda membamba, ya njano. Si uangalie tu, dada yangu."

"Rangi hupakwa."

"Na unene? Unene nao unapakwa?"

"Kwako wewe, Hobart, lolote linawezekana."

Watu wakacheka. Arvel, mume wa Delphia, alikuwa amesimama kidirishani kwangu na sahani yake ya maharage. Yeye hakucheka wala hakusema neno. Aliniomba nimwongezee kitunguu. Hobart akafukuzwa klabuni, mtu ambaye tangu afiwe na mkewe hakuwa na pengine pa kwenda Jumamosi.

Arvel naye moyo ukamsimama majira ya baridi yaliyofuata. Alimwachia Delphia kondoo, bunduki yake nyeusi aliyoipenda kuliko gari, na kasha la mbao lililojaa risasi za njano. "Shaba tupu, mama watoto," ndivyo alivyomwambia kila alipoleta mzigo mpya. Sumaku ile iligusa risasi za mchungaji wa kanisa, ikagusa za sherifu, lakini kasha lile haikuligusa hata mara moja. Ungemuuliza sababu, Delphia angekushangaa. Zile si za Arvel?

Mwaka huu kondoo walipoanza kuzaa, koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa kwetu, wakaanza kushuka kutoka msituni. Mwanakondoo wa kwanza akaenda, wa pili akaenda. Wanakondoo ndio shamba lenyewe. Bila wao Delphia asingefika kiangazi, angeuza ardhi na kwenda kukaa kwa binti yake mjini, jambo ambalo alisema ni afadhali azikwe. Asubuhi moja nilikuwa kwake nikimsaidia kumnywesha mwanakondoo yatima maziwa kwa chupa, tukamwona koyote amesimama kando ya zizi, kweupe kabisa, anatuangalia.

Delphia akaichukua bunduki ya Arvel. Risasi ya kwanza ikarusha udongo. Akalenga tena, akavuta, kimya. Ganda la kwanza lilikuwa limenasa ndani na bunduki imekaza. Alivuta kishikio kwa mikono miwili, akagonga kitako chini, akatoa matusi nisiyojua kama anayajua. Koyote akamkamata mwanakondoo shingoni mbele ya macho yetu na kuondoka naye bila haraka. Mama yake akamfuata mpaka kwenye seng'enge, akabaki pale analia.

"Kanibadilishia risasi," Delphia akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Kasha liko chini ya kitanda chako. Hobart kafikaje chini ya kitanda chako?"

"Lorene, sina hamu ya kucheka. Panda gari."

Mlango wa Hobart aliugonga kwa kitako cha bunduki. Hobart akatoka na soksi, kikombe mkononi, akatuangalia mmoja mmoja.

"Leo imekuwaje, wakubwa wamekuja kwa maskini?"

"Toa ganda lako humu ndani," Delphia akamwambia.

Hobart hakubishana. Aliweka bunduki kwenye meza ya jikoni, akaingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomoni mwa mtutu, akaugonga taratibu kwa kiganja. Ganda likaanguka mezani, la njano, ukingo umechanika pale lilipovutwa. Delphia akashusha sumaku. Ganda likaruka likanata.

"Umeona? Chuma. Sasa kataa."

"Toa nyingine mfukoni."

Akatoa. Ikanata. Akatoa ya tatu, ya nne, zikashikana kwenye sumaku kama kupe. Nilimwona uso unambadilika, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

"Hizi ulizipata wapi?" Hobart akamuuliza kwa upole.

"Za Arvel."

"Basi ni za Arvel. Alizinunua kwenye gulio la barabarani, mimi nipo nyuma yake kwenye foleni. Chuma kilichopakwa shaba juu. Akaniambia, jirani, mama watoto asijue, ataniua."

"Na maganda ya kwenye ndoo?"

Hobart akanywa kahawa yake kwanza. "Alikuwa anafanyia mazoezi palepale klabuni, Delphia. Yalikwenda wapi, unadhani?"

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ungeniamini? Siku ile sikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa namwangalia yeye, nangoja aseme."

Nikakikumbuka kile kitunguu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekiongezea chakula.

Delphia alitafuta pa kushika. "Na yako je? Mbona ya kwako hainasi, na unailisha uchafu huohuo?"

"Shaba ikilipuliwa inatanuka, inaziba kote, halafu inalegea. Chuma hakitanuki vizuri, masizi yanapenya pembeni. Yangu ina nafasi, na ganda lake limechongoka, linachomoka lenyewe. Hii ya marehemu imebana na ganda lake limenyooka. Masizi yakijaa, limekwama. Risasi yenyewe si mbaya. Ni mbaya kwa bunduki hii."

"Watu wanasema ni rangi ya ganda inayeyuka humo ndani."

"Watu wanasema mengi. Walisema mimi ndiye niliyechafua ndoo."

Delphia akazibandua risasi moja moja kwenye sumaku. Halafu akasema koyote atarudi. Hobart akakubali kwamba atarudi. "Basi lete hilo gogo lako la bunduki," Delphia akamwambia, na sauti yake haikuwa na ukali.

Jioni jua halijazama koyote akarudi kweli. Hobart alijiegemeza kwenye nguzo ya seng'enge na kupiga mara tatu mfululizo, na ile bunduki mbovu ikatema maganda yake ya kijani majanini bila shida yoyote. Ya tatu ikamlaza. Delphia akainama kuyaokota kwa mazoea, akayatazama, akamkabidhi Hobart.

"Jumamosi uje klabuni," akasema. "Nitawaeleza mwenyewe ilivyokuwa."

"Na sumaku?"

"Wewe njoo."

Hobart alipovuka kijito kurudi kwake, tulikaa barazani mimi na Delphia. Alimlilia Arvel waziwazi, kilio cha hasira, akisema angemsamehe chuma, hata gulio angemsamehe, lakini kumwacha mtu afukuzwe huku yeye anatafuna, hilo hapana. Kisha akafuta machozi. Akaishika sumaku, akanyoosha mkono wa kushoto, akaigusisha kwenye pete ya ndoa. Akaiinua, akaigusisha tena. Haikunata.

"Angalau hii," akasema, akashusha pumzi.

Sumaku hainati kwenye dhahabu. Kwenye shaba pia hainati, na hilo Delphia analijua kuliko mtu yeyote katika bonde hili. Nilimtazama usoni, nikaona hajalifikiria bado. Nikainuka kwenda kuchemsha kahawa.